Tangi Halifukizwi Ubani

Mashavu,

Salamu sikuandikii. Nimekusalimia jioni ukaniitikia huku unakunja nguo, mgongo umenipa mimi. Sasa umelala unakoroma kama marehemu baba yako, nami nimekaa na koroboi jikoni nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, hizo unazosema zimepitwa na wakati. Utazisoma tu. Za kizungu ulifundishwa kwa chaki, hizi ulichapiwa fimbo, na kilichoingia kwa fimbo hakitoki.

Sitakwambia ufunge kanga vipi, wala ule vipi na watu, wala umwamkie nani kwanza. Kama mpaka leo hujui hayo, basi nimelea gogo. Nataka kukwambia habari ya maji, maana kazi uliyoipata ni ya maji, hata kama kwa mashoga zako unajisifu kwamba unakwenda kuwa mkunga.

Mkunga, wewe! Yule Bibi Mkunga wa Kibaha hakukuchukua kwa akili zako. Amekuchukua umtunzie maji ya ile nyumba yake ya magurudumu, inayovutwa na lori kijiji hadi kijiji, wanawake wakajifungulie humo. Ukiyatunza, atakufundisha ukunga. Usipoyatunza atakurudisha, na ukirudi unajua nani anakungoja. Mjomba wako Mwinshehe ameshaipokea posa ya Mzee Kondo wa Kibuta. Kilemba cha mjomba ameshakifunga kichwani, anatembea nacho mpaka sokoni. Ulipolia na kugaragara uani akasema haya, mwacheni aende akajaribu, akifukuzwa kazi atarudi aolewe. Ukafurahi, ukambusu mkono. Mjinga wewe. Kaka yangu hakusema vile kwa huruma. Alisema kwa kuwa ana hakika utafukuzwa, na hakika hiyo ameipata kwangu.

Maana mimi nilikuwa na kazi hiyo hiyo, nikafukuzwa. Hilo unalijua juujuu, watu huwa wanalitaja wakitaka kucheka. Leo nakupa lote.

Ilikuwa kabla ya vita vile vya pili. Nilikuwa nimetolewa mwali karibuni, ngoma yangu imechezwa, ngozi inang'aa kwa kukaa ndani gizani, na kichwa kimejaa sifa. Alikuja Bwana Pima, mzungu wa kupima barabara, yeye na mkewe na mtoto wao mdogo, wanaishi ndani ya nyumba ya magurudumu kama hiyo ya mkunga wenu. Wakapiga kambi Maneromango. Walitaka msichana wa kumbeba mtoto na kuangalia maji. Nikachukuliwa mimi. Kisarawe nzima wakaja kunitazama nikipanda lori, na mimi nikawatazama kwa juu, mama yangu mzazi nikampungia mkono kama bibi wa serikali.

Juu ya paa la nyumba ile kulikuwa na tangi la bati, kubwa, lina mdomo mpana wa kuingia mtu mwembamba mpaka kiunoni, na kifuniko chake. Wapagazi wanajaza kwa madebe, maji yanashuka kwa bomba mpaka ndani, unafungua koki yanatoka. Mimi nikapanda nikachungulia, nikasema hili ni mtungi tu, mtungi wa kizungu. Na mtungi ninaujua. Nani asiyejua mtungi? Unausugua, unaufukiza ubani, unatia maji, mgeni akinywa anashusha pumzi anauliza nyumba hii ya nani.

Basi nikalifukiza tangi. Nilipanda na chetezo juu ya paa, wapagazi wananishangaa, nikafukiza mpaka moshi ukatoka kwenye koki. Bibi akaonja maji, akafumba macho, akasema, "Mzuri! Mzuri sana!" Siku hiyo sikushikika. Nikaona na mimi nizidishe ufundi wangu. Bati likipigwa na jua maji yalikuwa yanapata moto na kunuka chuma, nikasema maji haya yanakosa hewa. Nikawa kila asubuhi nafungua kifuniko, nakiweka kando, yapigwe upepo na jua mpaka alasiri. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilijifundisha mwenyewe, na huo ndio ugonjwa ulioko katika damu yenu ya upande wangu.

Palikuwa na mpishi, akiitwa Feruzi, mtu mzima wa pwani, ameshatembea na wazungu wengi wa kambi. Alikuwa akikaa chini ya kivuli cha nyumba ile anamenya vitunguu, ananitazama nikipanda na kushuka na chetezo changu. Hasemi kitu. Mimi nilimwona mpishi tu. Shikamoo nilimpa ya kurushia, kama mtu anayetupa maganda.

Ukoga ulianza kama kivuli. Niliona kwenye kuta za tangi kitu cha kijani, chepesi, ukikigusa kinateleza. Nikasema ni rangi ya bati. Siku zilizofuata kikawa na nyuzinyuzi, zinacheza ndani ya maji. Maji yakaanza kunuka kama kisima kilichoachwa. Unajua nilifanya nini, Mashavu? Nilizidisha ubani. Asubuhi na jioni. Bibi ananusa kikombe anasema mzuri, mzuri, na mtoto wake anakunywa, na mimi najua yana harufu nyingine chini ya ile ya ubani, najua kabisa, na nanyamaza. Kumwuliza Feruzi nilikuwa naona haya. Nilikuwa fundi wa maji, sasa fundi anamwuliza nani?

Mtoto akaharisha. Akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Hakufa, nakwambia mapema usije ukalowesha karatasi yangu kwa machozi, alipona na akanenepa tena. Lakini katika kuhangaika huko koki ikaziba. Bibi akaifungua kwa nguvu, kikatoka kitonge cha kijani kirefu kama kamasi, kikaanguka ndani ya bilauri. Akaitazama bilauri. Akanitazama mimi. Akatoka nayo nje, wapagazi wote wako pale wanangoja posho, akanipa mkononi.

"Wewe kunywa," akasema.

Nikasema, "Bibi, nisamehe."

"Kunywa. Yote."

Nikanywa. Kile kitu kilipita kooni polepole, nakihisi mpaka leo nikimeza mlenda. Nikatapika, akajaza tena. Wapagazi walicheka, na walikuwa watu wa kwetu, mmoja ni jirani wa mama yangu. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Usifikiri watu wako watalia ukidhalilishwa na mgeni. Wa kwetu ndio waliocheka kicheko kirefu kuliko wote, kwa sababu walinikumbuka nilivyopanda lori.

Kisha nikaambiwa nikasafishe. Wakaniingiza ndani ya tangi kichwa chini mpaka kiunoni, miguu iko nje juani, wapagazi wanaiona, nasugua kwa mchanga na makumbi ya nazi. Bati lilikuwa la moto hata kupumua siwezi. Nilisugua kuanzia asubuhi mpaka alasiri, viganja vikachunika. Nilipotoka, tangi linang'aa. Bibi akapanda ngazi akachungulia, akaridhika. Baada ya kuridhika ndipo akanifukuza. Kumbe alitaka kazi iishe kwanza.

Nilikwenda kuchukua kitita changu jikoni. Feruzi alikuwa anakula, hakunikaribisha. Akasema, mdomo umejaa wali, "Tangi si mtungi, binti. Ukilifunulia jua linaota majani kama shamba."

Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Shikamoo yangu yenyewe ulikuwa unaitolea puani. Halafu nina mpwa wangu anatafuta kazi. Kesho anafika."

Kwa kuwa sasa nilikuwa sina faida wala hasara kwake, akanieleza kila kitu, taratibu, huku anatafuna, na mimi nimesimama na kitita kichwani na mikono inavuja damu. Sijapata kumchukia binadamu kama nilivyomchukia yule. Na kila alichosema nilikihifadhi. Ukitukanwa na mtu anayejua, Mashavu, chukua ujuzi kwanza, hasira ubaki nayo ya kulia njiani.

Sasa sikiliza hayo aliyosema, maana ndiyo mahari niliyoipata pale.

Ukoga hauoti kwa uchafu peke yake. Unaota kwa mwanga. Maji ya bwawa yanakuja na mbegu yake huioni, ukiyaweka gizani inalala, ukiyapa jua inaamka. Mtungi wetu hauoti kwa sababu unakaa pembeni mwa nyumba penye giza, na tunaumaliza na kuukausha kila mara. Ubani hauui kitu. Ubani unaidanganya pua tu, na pua ndiyo mlinzi wako. Basi ukikuta mtu anataka kufukiza tangi la Bibi Mkunga, hata awe mgonjwa anayekufa anaomba harufu ya kwao, mwambie hapana.

Maji ya kunywa yafiche kama tulivyokuficha wewe ulipokuwa mwali. Ulikaa ndani, jua halikukuona, wanaume hawakukuona, na kila aliyetaka kuchungulia alifukuzwa. Ulilia wee, ukasema nyumba ya mwali ni jela. Lifanyie tangi lile ukatili huo huo. Uliniambia lina kioo kirefu ubavuni, cha kuonyesha maji yamefika wapi. Uliponiambia niliguna, wewe ukadhani nashangaa uzuri wake. Mahali mwanga unapopita ndipo ukoga utakapoingilia. Katika mzigo wako, chini kabisa, nimekutilia kipande cha kaniki yangu nyeusi. Kivalishe kile kioo. Ukitaka kuona maji, funua, tazama, funika.

Ukishauona ukoga, usifanye kama mimi, usiuonee haya. Sema siku hiyo hiyo. Mwaga maji yote, mpaka tone la mwisho kabisa, usibakishe ya kusema ni dhambi kuyamwaga. Sugua kwa makumbi, na pembe zake, na ndani ya kifuniko, hapo ndipo wavivu wanapopasahau. Bibi Mkunga ana ule unga mweupe wa hospitali unaochoma pua, mwombe, akupimie mwenyewe, usijipimie. Jaza, tia dawa, fungua kila koki mpaka uisikie harufu yake inatoka, ndipo ufunge uache mpaka asubuhi. Mimi tangi nililing'arisha, bomba sikuligusa, na Feruzi alicheka akasema mpwa wake ataukuta ukoga umerudi upya, umetokea mle bombani. Asubuhi mwaga, suuza, mwaga tena, mpaka harufu ya dawa iishe. Na gari likilala mahali muda mrefu bila kazi, usiliache na maji tumboni. Liache tupu na kavu.

Na kabla hujampa mtu yeyote maji yale, mzazi au mtoto au Bibi mwenyewe, kikombe cha kwanza cha asubuhi kunywa wewe. Hilo Feruzi hakunifundisha. Hilo alinifundisha yule bibi na bilauri yake. Kila nikimkumbuka namlaani, lakini naona alikuwa na haki ya kuniuliza kwa nini mwanawe anywe nisichokunywa mimi.

Nilitembea kwa miguu kutoka Maneromango mpaka Kisarawe. Habari zilinitangulia, sijui kwa mdomo gani. Nilipoingia mjini watoto walikuwa wanaimba "maji ya kijani" nyuma yangu. Mjomba wangu mimi hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia, "Umeshajaribu, umeshindwa," akapokea posa iliyokuwa imelala kwake. Ya baba yako. Alikuwa mzee, meno mawili matatu, anakohoa usiku kucha. Hakuwa mbaya. Ningekwambia nilimpenda ungejua nasema uongo. Nilimwogopa kama mgeni na nikamzika kama mgeni, akaniachia wewe, na kikohozi ambacho mpaka leo nikiamka usiku nadhani nakisikia.

Nimekuwa mkali kwako, najua. Ulipovunja mtungi nilikunyima chakula. Uliposema unaumwa nilikwambia maiti ndiye anayeumwa. Shangazi zako wa Msimbu wananiita mama wa kambo aliyezaa mwenyewe. Waniite hivyo. Mimi nilipendwa na mama yangu, nikasifiwa kila nilichokifanya, nikapanda lori nikiamini kila nikigusacho ni kizuri. Mapenzi yale yalinipeleka moja kwa moja kwenye bilauri. Nikasema wangu hatakwenda na sifa. Labda nimepita kiasi. Jioni hii ulivyonipa mgongo nimeona nimepita kiasi, na nimekasirika, badala ya kukwambia nikakutuma maji.

Sasa lililobaki.

Juzi Jumanne, ulipokuwa umekwenda Msimbu kuwaaga hao shangazi zako, Mzee Kondo alikuja hapa na mjomba wako. Amechoka kungoja. Anasema Kibuta nzima ameshawatangazia, watu wanamwuliza bibi harusi yuko wapi, na yeye hawezi kukaa anasubiri mtoto wa kike ashindwe kazi. Anataka ndoa Ijumaa hii. Mjomba wako akanitazama mimi, na kile kilemba kichwani. Mimi ninamjua Kondo. Wake wawili amewazika, wa tatu alitoroka bila kuchukua hata kanga zake, na wote watatu majirani walikuwa wakiwasikia wakilia. Mkono wake ni mwepesi.

Nikamwuliza, "Mzee Kondo, unataka mke, au unataka Mashavu?"

Akasema, "Nataka mke wa nyumba hii. Nimeshasema nyumba hii. Nikirudi mikono mitupu nitachekwa."

"Basi nichukue mimi."

Mjomba wako akasema, "Dada, una wazimu?"

Kondo akanitazama kuanzia miguu mpaka kichwa, kama mbuzi wa mnadani. "Wewe umekwisha," akasema.

"Nimekwisha, lakini mihogo nalima. Wangu hata jembe hajui lishikwe wapi, utamzika kabla ya mavuno uingie gharama za sanda."

Akacheka. Halafu akauliza, "Na huo ulimi?"

"Nakuja nao."

Wakanong'onezana uani. Mjomba wako aliporudi alisema kilemba hakirudishwi, kwa hiyo kama mwenyewe ameridhika, na yeye ameridhika. Ndugu yangu wa tumbo moja.

Wewe ulisoma chuoni, utakumbuka. Kama umesahau, nilikwenda kumwuliza mwalimu nipate hakika, akaniapia. Mwanamume akishamwoa mama na kuingia naye ndani, binti ni haramu yake mpaka Kiyama. Hata amwache mama. Hata mama afe. Kwa hiyo vitisho vyote nilivyokuandikia mwanzo wa barua hii havina kitu. Ukifukuzwa kesho kutwa, Kondo hawezi kukuoa. Nimekuandikia vile makusudi, usome ukiwa unatetemeka, uyashike ya tangi. Ukiwa umestarehe hushiki kitu, nakujua.

Lakini usifurahi ukafikiri una kwenu pa kurudi. Nyumba hii Mjomba anaichukua Jumamosi, anamtia mpangaji. Kuku nimeshawauza. Mtungi ule mkubwa nimempa jirani. Ukija hapa utamkuta mtu mwingine anakuuliza shida yako nini. Kibuta usije kunihurumia, wala usimlete mtu kunisemea. Mimi na Kondo tutaona nani atamzika mwenzake, na mimi nina afya.

Alfajiri lori la mkaa litapita. Nitakuamsha kwa kelele kama siku zote, nikuamuru ile kaniki ukakivalishe kioo cha tangi bila kukueleza kwa nini, na utakasirika, na utaondoka umekasirika. Ni vizuri hivyo. Barua hii nitaishona ndani ya pindo la ile kaniki. Utaiona siku utakapokwenda kukivalisha kioo. Usipoiona, nitajua hukukivalisha.

Siku moja gari lenu litafika Kibuta. Wanawake wa huko wanazaa kama kwingine. Nitakuja nisimame kwenye mstari nyuma ya wenye mimba, nimejifunika, labda uso umevimba, labda haukuvimba. Usiniite mama mbele ya watu, habari zitamfikia Kondo. Nitakuomba maji ya kunywa. Nipe kikombe, ukae kimya. Nikiona uzi mmoja wa kijani ndani yake nitakumwagia usoni mbele ya Bibi Mkunga na kina mama wote. Nisipouona nitayanywa yote, nikurudishie kikombe, niende zangu shamba.

Mama yako